Buluu Ilivyofika Ukutani

Mji wa Kachibora uko mashariki ya Kitale, katika nchi ya Cherangany, mahali ambapo mashamba ya mahindi huanza kupanda kuelekea vilimani. Mgeni aingiaye katika maduka na nyumba za mji huo, na za miji mingine mpaka Bungoma, hukuta mara kwa mara chumba ambacho ukuta wake umegawanywa sehemu mbili. Sehemu ya juu ni nyeupe au ya rangi ya maziwa. Sehemu ya chini, tangu sakafuni mpaka kimo cha kiuno au kifua, imepakwa buluu nzito ing'aayo. Akiuliza sababu ataambiwa kwamba rangi ya chini huficha alama za mikono ya watoto na za migongo ya viti. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni fupi mno. Rangi za giza ni nyingi, na yoyote kati yake yaweza kuficha uchafu. Kwa nini watu walichagua buluu? Tena ilitoka wapi, katika nchi ambayo udongo wake hauna hata punje moja ya rangi hiyo?

Swali laonekana dogo. Hata hivyo, mwenye kulifuata kwa uvumilivu atapita Afghanistan, China, Lamu, Bengali, Berlin na Lyon kabla hajarudi Trans Nzoia, na njiani atakutana na mambo ambayo hakuyatazamia katika kopo la rangi.

Na tuanze na lugha. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vipatanavyo na majina: -eupe, -eusi na -ekundu. Twasema ukuta mweupe, moshi mweusi, matofali mekundu. Rangi nyingine huazimwa kutoka kwa vitu: kijani kutoka kwa jani, kijivu kutoka kwa jivu, manjano kutoka kwa kiungo cha mchuzi, zambarau kutoka kwa tunda. Buluu haikupata hata bahati ya kuitwa kwa kitu cha shambani. Wengine huiita samawati, neno la asili ya Kiarabu lihusulo mbingu. Wengine husema nili, neno ambalo chimbuko lake ni Bara Hindi. Na hilo la buluu lenyewe lililetwa na watu wa Ulaya. Majina ni matatu, na yote matatu yalivuka bahari kabla ya kufika vinywani mwetu.

Ukizitazama zile rangi tatu za kwanza, utaona kwamba ndizo rangi za nyumba ya udongo. Katika nchi za magharibi ya Kenya, wanaume walisimamisha miti na kuezeka, lakini kusiriba ukuta na kuupamba kulikuwa kwa kawaida kazi ya wanawake. Walikanda udongo pamoja na samadi ya ng'ombe, wakausawazisha kwa kiganja, wakauacha ukauke. Kisha walipaka juu yake udongo mwekundu, au mweupe uliochimbwa bondeni, na weusi waliupata katika masizi na makaa yaliyosagwa. Kazi hiyo ilirudiwa kila mara, kwa kuwa mvua na migongo ya mbuzi havina huruma kwa ukuta. Haikuhitaji fedha. Ilihitaji mkono mwepesi na elimu ya kujua bonde gani lina udongo gani, na elimu hiyo mama alimpa binti yake bila kuandika hata neno moja.

Sababu ya buluu kukosekana katika kapu la mwanamke yule ni ya maumbile ya dunia. Chuma kimejaa katika udongo, na chuma kikishika kutu hutoa wekundu na manjano. Udongo usio na chuma hubaki mweupe. Makaa yako popote penye moto. Lakini buluu yataka shaba, au kobalti, au mawe ya namna iliyo adimu sana, na mawe hayo hayapatikani kila bonde. Mbingu ni buluu na haishikiki. Maji ya ziwa ni buluu kwa mbali, nawe ukiyachota kwa kata hayana rangi yoyote. Kwa hiyo mataifa karibu yote ya kale yalipaka kuta zao kwa wekundu na weusi muda mrefu kabla ya kupata buluu.

Wamisri walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuitengeneza kwa mikono. Zaidi ya miaka 4500 iliyopita walichoma pamoja mchanga, chokaa, magadi na madini ya shaba, wakapata kitu kigumu cha buluu ambacho walikisaga na kukipaka. Kaburi la Malkia Nefertari, lililochimbwa katika karne ya 13 kabla ya Kristo, lina dari ya buluu nzito yenye nyota za manjano, ili aliyelala ndani yake awe na mbingu yake mwenyewe. Wazo hilo la kupeleka buluu darini halikufa. Mnamo mwaka 1305 mchoraji Giotto alikamilisha kazi yake katika kanisa dogo la Padua, Italia, na dari yake pia ni mbingu ya buluu yenye nyota za dhahabu. Buluu hiyo ilisagwa kutoka katika jiwe lenye shaba.

Ilikuwako buluu nyingine iliyo bora kuliko hiyo, nayo ilitoka katika jiwe liitwalo lapis lazuli, lililochimbwa katika milima ya Badakhshan, Afghanistan. Watu wa Ulaya waliiita rangi iliyotoka ng'ambo ya bahari. Bei yake ilikuwa kubwa hata matajiri walioagiza picha waliiandika katika mikataba yao. Mwaka 1485 mchoraji Domenico Ghirlandaio wa Florence alitia sahihi mkataba uliomtaka atumie buluu ya thamani ya florini 4 hivi kwa aunsi moja. Twaona basi kwamba kupaka chumba kizima kwa rangi ile lilikuwa jambo lisilowezekana kwa mtu wa kawaida wa Ulaya, kama lisivyowezekana kwa mtu wa Cherangany. Katika jambo hilo maskini wa nchi zote walikuwa sawa.

Pwani yetu ilipata buluu yake kwa njia nyingine, na hapa yatupasa kukaa kidogo, maana ndipo mahali katika Afrika ya Mashariki ambapo chumba kilipambwa kwa buluu mapema na kwa ustadi mkubwa. Katika karne ya 14 wafinyanzi wa Jingdezhen, China, walianza kutengeneza kwa wingi vyombo vyeupe vyenye michoro ya buluu. Michoro hiyo ilifanywa kwa kobalti, na kobalti ya kwanza iliyokuwa nzuri ililetwa kutoka Uajemi. Vyombo hivyo vilisafiri katika Bahari ya Hindi, kutoka mkono wa mfanyabiashara mmoja mpaka wa mwingine, vikashushwa Kilwa, Malindi, Mombasa, Pate na Lamu. James Kirkman, aliyeanza kuchimbua magofu ya Gede mwaka 1948, alikuta vipande vya vyombo vya China katika nyumba na misikiti ya mji ule. Huko Mambrui, na Kunduchi karibu na Dar es Salaam, bakuli na sahani za China zilipachikwa katika nguzo za makaburi, na baadhi ya mashimo yaliyozishika yaonekana mpaka leo.

Lakini tazama chumba cha ndani cha nyumba ya Lamu ya karne ya 18. Kuta zake zilijengwa kwa matumbawe, zikapakwa lipu ya chokaa iliyolainishwa mpaka ikang'aa. Madirisha yalikuwa haba, kwa ajili ya joto na kwa ajili ya staha. Katika ukuta wa mwisho, palipokuwa na giza zaidi, mafundi walichonga zidaka: safu juu ya safu za vishubaka vidogo, vyenye nakshi pembeni. Ndani ya vishubaka hivyo zilisimamishwa sahani na bakuli za buluu na nyeupe. Ukuta wenyewe haukupakwa rangi. Weupe wa chokaa ulichukua mwanga mdogo wa uani, ukautupa juu ya vyombo, na buluu ikaonekana kama maji yaliyo mbali. Kwa maoni yangu, hakuna chumba chenye rangi ya kopo, hata kiwe cha gharama gani, kilichokitumia kiasi kidogo cha buluu kwa akili kama hiyo.

Wakati uo huo, buluu nyingine ilikuwa ikitembea katika njia zile zile za pwani bila heshima yoyote. Hiyo ni kaniki, nguo ya pamba iliyochovywa katika nili mpaka ikakaribia weusi, iliyoletwa hasa kutoka Bara Hindi. Katika karne ya 19 kaniki ilikuwa vazi la wajakazi na la maskini. Mjakazi aliyepangusa vumbi katika zidaka za bibi yake alikuwa amevaa buluu, na sahani aliyoishika ilikuwa ya buluu. Moja ilitangaza utajiri wa nyumba, nyingine ilitangaza kwamba mvaaji si mwenyewe. Utumwa uliondolewa nguvu za kisheria Unguja mwaka 1897, na wanawake waliokuwa watumwa waliitupa kaniki kwa furaha, wakavaa kanga zenye maua na rangi nyingi.

Nili yenyewe ilikuwa na machozi yake mahali ilipolimwa. Ni mmea mdogo, na majani yake hulowekwa, huchachushwa na kupigwapigwa majini mpaka buluu itokeze. Katika Bengali, wenye mashamba wa Kiingereza waliwakopesha wakulima fedha kidogo kwa sharti la kupanda nili mahali pa mpunga. Deni halikulipika, mtoto alilirithi kwa baba yake. Waliokataa walipigwa, wakafungwa, na mifugo yao ikachukuliwa. Mwaka 1859 wakulima kwa maelfu waligoma kupanda, na mwaka 1860 serikali ililazimika kuunda tume ya kuchunguza. Mwaka huo huo Dinabandhu Mitra alichapisha mchezo uitwao Nil Darpan, yaani Kioo cha Nili, ulioonyesha mateso hayo. Mmisionari James Long, aliyeshughulikia kuchapishwa kwa tafsiri yake ya Kiingereza, alihukumiwa mwaka 1861 kifungo cha mwezi mmoja na faini ya rupia 1000. Ugomvi wa nili uliendelea huko Bihar, na mwaka 1917 ndio uliomwita Gandhi Champaran, kabla jina lake halijajulikana sana duniani.

Yaliyoiangusha nili ya shambani yalitoka maabara. Adolf von Baeyer wa Ujerumani aliiunda kwa kemia mwaka 1880, na kampuni ya BASF ilianza kuiuza nili hiyo ya kiwandani mwaka 1897. Ni mwaka ule ule wa amri ya Unguja. Mambo hayo mawili hayana uhusiano, lakini ni vizuri mwanafunzi ayaweke pamoja katika kumbukumbu.

Nili ni rangi ya nguo zaidi ya kuwa ya ukuta. Rangi ya ukuta ilipata watumishi wengine. Mnamo mwaka 1706 huko Berlin, fundi wa rangi aitwaye Diesbach alitaka kutengeneza wekundu. Magadi aliyoyatumia yalikuwa yamechafuliwa na mafuta yaliyotokana na damu ya wanyama, naye badala ya wekundu akapata buluu nzito. Hiyo ilikuwa ya bei nafuu, ikaenea Ulaya mpaka Japani. Ina udhaifu mmoja ambao mafundi waliujua upesi: ikichanganywa na chokaa mbichi huharibika.

Kisha mwaka 1824 chama kimoja cha kustawisha viwanda cha Ufaransa kiliahidi tuzo ya faranga 6000 kwa mtu atakayetengeneza buluu ile ya Badakhshan bila jiwe la Badakhshan. Tuzo ilitolewa mwaka 1828 kwa Jean-Baptiste Guimet, mtu wa Lyon. Sasa msomaji na azingatie alichokitia katika tanuri. Alitia udongo mweupe wa mfinyanzi, magadi, salfa na makaa. Kila kimoja kati ya vitu hivyo kina jina kwetu, na viwili kati yake, udongo mweupe na makaa, vilikuwa tayari katika kapu la mwanamke aliyesiriba ukuta wake huku magharibi. Magadi nayo yamejaa katika ziwa la Kenya liitwalo kwa jina hilo hilo. Hakujua yule mwanamke, wala hangeweza kujua, kwamba weupe aliokuwa akiupaka waweza kugeuka buluu ukichomwa pamoja na salfa kwa moto mkali na wa kipimo. Basi udongo ulichomwa Ulaya, ukarudi Afrika ukiwa bidhaa.

Ulirudi kwanza kama rangi ya kufulia. Nguo nyeupe ikizeeka huingia manjano, na buluu kidogo katika maji ya mwisho huyaficha manjano hayo machoni. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na tawi la Kitale lilifunguliwa mwaka 1926. Behewa zilizopeleka mahindi zilirudi na mabati, misumari, sabuni na vibonge vya buluu, na vibonge hivyo viliuzwa katika maduka ya Wahindi kwa senti chache. Watu wa pwani walikwisha kuviita nili, ingawa ndani yake hamkuwa na jani la nili. Jina lilibaki, kitu kikabadilika. Si ajabu kwamba mtu fulani alivisaga akavitia katika ndoo ya chokaa. Kidogo kiliufanya ukuta uonekane mweupe zaidi, kwa sababu ile ile ya nguo. Kingi kiliufanya samawati. Na kwa kuwa buluu ya Guimet, tofauti na ile ya Berlin, haidhuriwi na chokaa, ukuta ulibaki na rangi yake. Wachongaji wa Kiyoruba huko Nigeria nao waliitumia buluu ya kufulia kupakia sanamu zao, hivyo wazo hilo halikuzaliwa mahali pamoja tu.

Lakini bei si kizuizi pekee kati ya mtu na ukuta mzuri. Trans Nzoia ilikuwa sehemu ya ardhi iliyotengwa kwa ajili ya walowezi wa Kizungu. Mwafrika aliyekaa humo alikaa kama mfanyakazi wa shamba la mwingine. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kukaa, kulima kipande kidogo na kufuga mifugo michache. Mkataba ulipokwisha, nyumba iliachwa. Nani atapoteza shilingi yake kununua rangi ya ukuta ambao meneja aweza kuubomoa baada ya mavuno? Udongo mwekundu ulitosha, maana haukugharimu kitu kuuacha nyuma.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963 mashamba mengi yaligawanywa au kununuliwa na vikundi, na watu wa makabila mbalimbali wakapata viwanja katika nchi hiyo, wengine wakiwa wenyeji wa tangu zamani na wengine wamekuja na hati mkononi. Ndipo nyumba za matofali na sakafu ya saruji zilipoanza kuongezeka, na makopo ya rangi ya mafuta yakapata wanunuzi. Buluu ya makopo ya leo mara nyingi si ya Guimet tena. Ni buluu yenye shaba iliyotokana na ajali ya mwaka 1928 katika kiwanda cha Grangemouth, Scotland, ambako chombo kilichopasuka kiliacha uchafu wa buluu katika dawa iliyotakiwa kuwa nyeupe. Ilianza kuuzwa mwaka 1935, nayo ina nguvu nyingi hata kijiko chake hugeuza ndoo nzima. Wanahistoria hupenda kuhesabu hati za ardhi. Mimi ningehesabu pia kuta zilizopakwa, maana mtu hapaki rangi ya mafuta katika nyumba ambayo ataihama kesho. Na hesabu hiyo ingeonyesha majeraha pia. Katika machafuko ya mwaka 1991 na 1992, na tena mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, nyumba nyingi za Trans Nzoia zilichomwa na wenyewe wakakimbilia makambini. Moto hula paa kwanza. Ukuta hubaki umesimama bila kichwa, na rangi iliyokuwa ya siri ya familia huonekana na kila apitaye barabarani.

Kwa mwenye kutaka kupaka leo, maneno machache ya kazi yanatosha. Buluu nzito hunywa mwanga. Chumba chenye dirisha dogo, kikipakwa buluu kuta zote nne, kitahitaji taa mchana, na katika nchi ya juu kama Cherangany kitaonekana baridi kuliko kilivyo. Ndiyo maana ule mtindo wa nusu ya chini una busara kuliko wanavyodhani wanaoucheka. Ukuta wa udongo nao haupatani na rangi ya mafuta: unyevu wa ardhini hupanda ndani yake, hukosa pa kutokea, na rangi huvimba na kubanduka kama ngozi ya mgonjwa. Chokaa huuacha ukuta upumue, kwa hiyo mwenye nyumba ya udongo atafanikiwa zaidi kwa chokaa iliyotiwa buluu kuliko kwa kopo la gharama.

Fundi ajuaye kazi hupima kimo kutoka sakafuni katika pembe zote za chumba, akatia alama kwa msumari. Huchukua uzi, akaupitisha katika unga mkavu wa buluu, akaufunga kutoka alama moja mpaka nyingine ukiwa umekazwa sana. Kisha huuvuta katikati kwa vidole viwili na kuuachia. Uzi hupiga ukuta mara moja, na msitari ulionyooka hubaki, mwembamba, kutoka pembe mpaka pembe. Chini ya msitari huo ndipo brashi huanza.